Swali Ulilolicheka Jumapili

Mwanangu Adelina,

Sitakuuliza hali yako, kwa sababu asubuhi hii nimekuona ukigombana na zipu ya begi huku ukilitukana kwa Kiingereza. Hali yako ni nzuri kupita kiasi. Mimi nakuandikia nikiwa mashineni, nimekaa juu ya gunia la pumba. Umeme umekatika, na wateja wamejilaza pembeni ya mpunga wao wakinitazama kana kwamba waya nimeukata mimi kwa meno. Basi lako linaondoka kesho alfajiri, na pale nyumbani hakuna pa kuongelea. Watu wamejaa kama kwenye msiba, kila mmoja anasema amekuja kukuaga na hakuna hata mmoja aliyekuja akiwa ameshiba.

Mambo ya sweta, ya kusali, ya kutokula vitu usivyovijua, mama yako ameshakwambia, na kesho stendi atakwambia tena mbele za watu mpaka uone haya. Hayo mimi nayaruka. Nataka tuzungumze juu ya Jumapili, ulivyomcheka shangazi yako.

Najua hapo umekunja uso. Kunja, lakini soma.

Nianze kwa kukusifia, maana sifa zangu ni chache na ukizikosa leo sijui utazipata lini. Jumapili baada ya misa mama yako alipokuomba uwaeleze wageni unakwenda kusomea nini, ulisimama vizuri. "Mahitaji ya nishati duniani yanaongezeka kwa kasi," ukaanza, kama mtu wa taarifa ya habari. Ukasema jua linatua, upepo unaacha kuvuma, mvua zinakataa, makaa ya mawe yanatia watu kikohozi na kuichafua hewa. Ukasema kinu cha nyuklia kinafanya kazi usiku na mchana, hakitoi moshi, na fuko dogo la urani linafanya kazi ya maroli na maroli ya makaa. Nilikuwa nimekaa pale pembeni na kikombe changu cha chai, na moyo wangu umevimba.

Halafu wakaanza. Yule jirani yetu mwenye duka la vifaa vya ujenzi, ambaye hajawahi kusoma kitu kirefu kuliko maandishi ya mfuko wa saruji, akauliza kama unakwenda kutengeneza bomu. Katekista akataka kujua kwa nini serikali isigawe tu taa za sola, kwani yeye anayo moja na simu yake inajaa. Nilimtazama yule mzee nikasema moyoni, Bwana nipe uvumilivu. Taa yake ile inawaka kama jicho la paka mgonjwa, na anataka ikoboe mpunga wa bonde zima. Aje akae na mimi hapa mwezi wa tatu, mawingu yakiwa yamelala juu ya paa wiki nzima, aniwashie mota kwa hiyo taa yake.

Wewe uliwajibu wote kwa kejeli, nami nikafurahi. Ndipo shangazi yako Paulina, aliyekuwa amekaa mkekani karibu na mlango, akauliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, na hao wanawake wanaofanya kazi kwenye hayo mawe, wanazaa?"

Ukacheka. Ukamwambia, "Shangazi, mionzi inaua seli, haiui ujinga. Ingekuwa inaua ujinga ningekuletea ya kwako Lupiro."

Nyumba nzima ilicheka. Katekista alicheka, na mtu wa saruji alicheka kwa raha ya kuona zamu yake imepita. Mimi nilicheka kuliko wote, mpaka chai ikanitoka puani. Dada yangu akachukua sahani yake ya wali, akaenda nayo jikoni nyuma. Tangu hapo amekuwa akipika, anafagia, anaosha vyombo vya wageni wako, na hajakusemesha. Unajua vilevile kwamba katika ukoo wetu mtoto hasafiri mbali bila shangazi kumpulizia maji usoni na kumtamkia maneno ya njia. Hajafanya. Jana nimekusikia ukimwambia mama yako kwamba hutaki hata hivyo, eti utaloa.

Sasa nikwambie kitu. Ule mcheko si wako. Ule mcheko ni wangu, nilikupa mimi, kama nilivyokupa hii pua. Wewe umeuongezea shule tu. Na kwa kuwa unaubeba kwenda nao kwenye vinu vya nyuklia, inafaa ujue mcheko huo ulinifanyia nini mimi kwenye kitu kidogo kama mashine ya mpunga.

Ulikuwa mdogo wakati umeme wa gridi ulipofika mtaa wetu huu wa Mlabani. Minara ya waya mkubwa ilikuwa inapita bondeni miaka mingi kabla, inapita juu ya vichwa vyetu kwenda kuwaangazia wenzetu, na sisi chini tunawasha koroboi. Siku nguzo ndogo zilipofika mlangoni kwangu nilipata wazimu. Nilikuwa na injini ya dizeli iliyokuwa ikipiga kelele mpaka padri akalalamika, lakini ilikuwa haijawahi kunikatalia. Nikaiuza. Na sikuiuza kimya kimya kama mtu mwenye akili. Niliiuza kwa hotuba. Mnunuzi alikuwa Bwana Mfaume, mwenye kile kibanda cha kukoboa upande wa pili wa barabara. Wakati watu wake wanaisukuma injini kuvuka barabara, mimi nimesimama kizingitini nikamwambia mbele ya wateja, "Chukua, bwana, uizike huko kwako. Makumbusho watakuja kuitafuta." Mfaume akasema ahsante. Mtu mpole yule, na upole wake nao niliudharau.

Wenye mashine walikuwa na kikundi chao, wanapeana habari za bei, za maroli, za umeme. Nikajitoa. Nilisema siwezi kukaa na watu wanaoandika "kupesha" wakimaanisha "kukopesha". Mfagiaji akiniambia mkanda unanuka, namuuliza alisomea wapi mikanda. Mkulima akiniuliza kitu, namjibu kitu kingine ili wenzake wacheke. Nilikuwa na jina mjini, na nilidhani ni jina zuri.

Ikaja ile vuli ambayo mvua zilichelewa. Wewe unajua bonde letu, mvua ikichelewa sisi wa mashine tunashangilia. Wakulima wametunza mpunga tangu mavuno wakingoja bei, bei imepanda, barabara hazina tope, maroli ya Dar es Salaam yanafika mpaka Lupiro bila kunasa. Mpunga umekauka vizuri, ukikoboa punje inatoka nzima, chenga kidogo tu. Kanisani tulitoa shukrani kwa ajili ya lile jua. Mimi mwenyewe nilipeleka gunia la mchele madhabahuni, nikaimba. Haikunijia kichwani kabisa kwamba jua lilelile linayanywa maji ya mabwawa, na mabwawa ndiyo yanayozungusha mota yangu. Ni sisi tu wa huku tunaoweza kumshukuru Mungu kwa ngoma kwa sababu anatuzimia mashine.

Mgao wa umeme ukatangazwa. Ratiba ilijulikana mjini kote. Kikundi cha wenye mashine kilikuwa nayo, wauza vocha walikuwa nayo, padri aliisoma baada ya misa ya kwanza na mimi nilikwenda ya pili. Na mimi nikapokea mpunga wa watu, nikajaza ghala, nikajaza uwanja, nikawaahidi wafanyabiashara mchele wa Krismasi. Hakuna aliyeniambia, Adelina. Walipita hapa mlangoni, wakanisalimia, "Shikamoo, mzee," wakavuka barabara na magunia yao. Nikawaona wanajipanga kwa Mfaume nikasema moyoni, watu wa bonde hili hawabadiliki, wanapenda moshi.

Umeme ulipozimika na usirudi, niliisikia ile injini yangu ikiwaka ng'ambo ya barabara. Niliijua kwa sauti. Wakulima walikuja kuchukua mpunga wao, gunia kwa gunia, wakavusha. Hawakunitukana. Mfaume alikuja mwenyewe kunipa pole, akaniambia, "Nilitaka kukupa taarifa, mzee wangu, lakini niliogopa utanicheka." Alikuwa hatanii. Nilitaka kumpiga, na sijui mpaka leo ni kwa sababu gani hasa nilitaka kumpiga, maana alikuwa amesema kweli.

Ile injini niliilia kidogo tu. Kilichoniuma ni kwamba mji mzima ulijua kitu kinachonihusu mimi na ukanyamaza, na waliufunga mdomo kwa sababu mimi mwenyewe niliwafunga. Mjuaji huwa ndiye wa mwisho kupewa habari.

Sasa chukua hilo ulipeleke kwenye kinu chako.

Ulinionyesha zile picha, chumba chenye taa nyingi na watu wamekaa mbele ya vioo. Ukaniambia kinu kina ukuta ndani ya ukuta, na pampu ya akiba nyuma ya pampu, na injini za dizeli, ndiyo, dizeli, za kuwaka umeme wa nje ukipotea. Nikacheka peke yangu niliposikia hilo la dizeli. Kumbe wakubwa hawakuuza zao. Lakini kati ya kuta zote hizo watapita watu. Atapita fundi atakayeona tone la maji mahali pasipotakiwa tone. Atakuja mlinzi atakayesikia mlio mpya. Watakutazama wewe, Mhandisi Adelina, na watajiuliza kitu kimoja: huyu atanicheka? Wakidhani utacheka, watanyamaza, wataenda nyumbani kula, na wewe utabaki na tone lako. Mimi nililala na mpunga uwanjani. Wewe utalala na kitu ambacho watu wanahama mji kwa ajili yake.

Usidhani nimegeuka kuwa mtu wa katekista. Nimekusikiliza, tena nimekuelewa kuliko unavyodhani, na naamini unachokwenda kukifanya. Kinu hakiulizi kama mvua imenyesha milimani. Kwa mtu aliyepitia ile vuli, neno hilo peke yake linatosha. Hiyo dunia yako inayotaka umeme zaidi naidharau vizuri tu. Watu wanajenga majumba makubwa kama viwanja vya mpira, wanayajaza kompyuta zinazopozwa usiku na mchana, ili mtu aiulize simu avae shati gani. Wakati huo mwanamke wa Lupiro anapuliza kuni mbichi mpaka macho yanavimba. Wote hao, mwenye shati na mwenye kuni, wataalamu wako wanawatia chungu kimoja na kuwaita mahitaji. Haya. Hata mota yangu imo kwenye hicho chungu, kwa hiyo sina pa kutemea mate.

Nawadharau na wale wa upande wako, maana ni haki. Wanaosema kinu kitamaliza matatizo yote ni mimi nikiwa kizingitini na hotuba yangu. Kinu kinajengwa mtoto anazaliwa mpaka anaota ndevu. Taka zake zitalindwa na wajukuu ambao hatuwajui hata majina. Kuna nchi ziliogopa zikafunga vyao, leo baadhi zinataka kuvifungua huku zinatazama pembeni kama mtu aliyerudiana na mke aliyemfukuza. Maji yaendelee kuzungusha, jua liendelee kuchaji simu ya katekista, na kinu kibebe ule mzigo wa kila siku usioweza kungoja hali ya hewa. Mtu atakayekwambia chagua kimoja uuze vingine, mwambie baba yako alikuwa na injini.

Lakini lazima kijengwe mahali. Hapo ndipo mambo yote ya darasani yanapokwisha. Siku moja, Mungu akipenda, utashuka kwenye gari jeupe mbele ya watu waliokaa chini, sijui pwani sijui kusini, uwaambie kwamba kitajengwa kwao. Na nakuhakikishia, kabla mtu yeyote hajauliza habari ya megawati, mwanamke aliyekaa karibu na mlango atauliza kama watazaa. Utafanyaje, umchekeshee wenzake? Watacheka, watakupigia makofi, watakula chakula chako cha semina. Halafu watakwenda nyumbani na kukukatalia, na watakuwa na haki, maana mtu aliyeulizwa jambo la tumbo akajibu kwa mzaha, kwa jambo gani lingine aaminiwe?

Shangazi yako hakuwa anajua anachokisema, nakubali. Kwake mionzi, mawe, bomu, radi, vyote ni ndugu. Lakini umewahi kujiuliza kwa nini katika wote waliouliza Jumapili, yeye peke yake hakuuliza habari ya bomu wala ya sola, aliuliza habari yako?

Hilo hatukuwahi kukueleza vizuri, tulikwambia tu kwamba Mungu hakumjalia. Dada Paulina aliolewa Chita kwa sherehe kubwa. Alikaa kule mpaka wakachoka kumngoja ashike mimba. Mume akamrudisha kwetu kwa mguu wake mwenyewe, akamwacha uani kama anarudisha sufuria ya kuazima. Nilikuwepo. Nilikuwa kijana, na nilipowaona wanaingia nilitoa kichekesho, sitakiandika hapa. Hakuolewa tena. Akalima mpunga wake Lupiro, na kila harusi, kila ubatizo, wanawake walimpokonya watoto mikononi kwa adabu, wakisema wanakwenda kuwanyonyesha.

Halafu mama yako akaugua, akalazwa muda mrefu, na mimi nikawa sijui hata kukufunga nepi. Yeye ndiye alikuja akakuchukua. Alikubeba mgongoni msimu mzima, akalala na wewe shambani juu ya dungu, kile kibanda cha nguzo wanakoamia ndege wasile mpunga. Wewe ulijifunza kutembea kwenye mbao za dungu, amekufunga kamba kiunoni usianguke. Ulimwita mama. Tulipokuja kukuchukua alikuogesha, akakuvalisha, akakukabidhi, akarudi kuamia ndege. Mimi sikumuuliza kitu.

Jana jioni nilimfuata jikoni nikamwambia kwa ule ujuaji wangu, "Dada, acha kununa. Mpulizie mtoto maji, tumalize."

Alikuwa anachambua mchele. Hakuinua kichwa. "Sijanuna," akasema. "Nangoja jibu. Niliuliza swali, mtoto akacheka. Wewe nawe ukacheka. Sasa nikampulizie maji aende wapi? Maneno ya njia yanatamkwa na mtu anayejua njia."

"Dada, hayo ni mambo ya kitaalamu."

"Basi nieleze wewe. Umesoma. Wanazaa, hawazai?"

Nikafungua mdomo, Adelina. Unanijua, sijawahi kufungua mdomo ukakosa kitu. Nilitafuta mle kichwani nikakuta makaa, urani, mabwawa, dizeli, kila kitu ulichonifundisha miezi yote hii tukiwa tumekaa barazani tunawacheka watu. Hilo halikuwemo. Sikuwahi kukuuliza. Nilijifanya nasikia simu inaita nikatoka.

Usiku sikulala, na leo tangu asubuhi nimekaa hapa na mashine iliyozima, na swali ni hilohilo.

Kwa hiyo ukimaliza kusoma usije mashineni kuniomba radhi, sihitaji, wala usimpelekee shangazi yako maneno matamu. Nenda jikoni, kaa chini karibu naye, umjibu. Mweleze wanavyojikinga, mweleze kinachojulikana na kisichojulikana, na kama kuna jambo linakutia hofu wewe mwenyewe, mwambie na hilo, usimfiche. Akiuliza tena, rudia. Na sema kwa sauti, mwanangu, usinong'one. Nitakuwa nimesimama nje ya dirisha la jikoni, kwa sababu nilicheka kuliko wote, na mimi pia sijui kama utazaa.

Baba yako.